Ukweli hautumwi kama lokesheni

Kuna kitu kimebadilika kwenye simu zetu na naona watu wengi wanakisoma vibaya. Zamani mtu alikuwa anakuuliza "uko wapi?", unamjibu "nipo njiani, nakaribia", mambo yanaishia hapo, na wewe bado umejifunga taulo unatafuta sabuni. Sa hivi hakuulizi tena, anakwambia "tuma lokesheni". Mke anamwambia mume, mume anamwambia mke, bosi anamwambia dereva, mteja anamwambia bodaboda, hadi kamati ya harusi inamwambia mpambaji. Na hukumu ninazosikia kila kona, kwenye daladala, saluni, mpaka kwenye mawaidha, ni mbili tu. Moja inasema teknolojia imekuja kuwamaliza waongo, fiksi zimefika mwisho. Nyingine inasema ni simu hizi hizi ndo zimetuharibu, tumekuwa waongo kiasi kwamba inabidi tukaguane kama mizigo bandarini.

Mi naona zote zimekosea. Simu haijatufanya waongo na haitatuponya. Uongo wetu wa kila siku, huu mdogo mdogo wa "nipo njiani", "sina hela", "njoo kesho", "nimefiwa", kwa sehemu kubwa unatokana na jambo moja, kwamba kuna maneno matatu ya Kiswahili yamekuwa ghali mno kwetu: "hapana", "bado" na "sitaki". Mtu akiyatamka anaadhibiwa papo hapo, kwa kununiwa, kusemwa, kukimbiwa na mteja. Akidanganya adhabu inakuja baadaye, au haiji kabisa. Sasa ukija na ramani yako ukaiweka juu ya hali hiyo bila kugusa hiyo bei, hupati watu wakweli, unapata waongo waliosoma zaidi.

Turudi nyuma kidogo maana historia yenyewe iko karibu. Novemba 2014 WhatsApp walileta zile tiki mbili za bluu, ukisoma meseji aliyeituma anajua umesoma. Ule uongo maarufu wa "sijaiona meseji yako" tukadhani umezikwa siku ile. Kelele zikawa nyingi na haikuchukua muda wakaweka sehemu ya kuzizima, na ambao hawakuzima walijifunza kuisoma meseji kwa juu pale inapodondoka kwenye skrini bila kuifungua, ukimuuliza anakwambia "sikuwa nimeshika simu", na kweli tiki zinamtetea. Oktoba 2017 ikaja lokesheni ya moja kwa moja, ile unachagua dakika 15, saa 1 au saa 8 na mwenzako anakuona unavyosogea barabarani kama siafu. Mwaka 2022 wakaleta tena uwezo wa kuficha kwamba uko hewani. Zipange hizo tarehe utaona kila kilipokuja kitu cha kumulika kikafuatiwa na kitu cha kujifunika, vyote kutoka kampuni ile ile, kwa sababu wateja walivitaka vyote, na mara nyingi ni mteja yule yule, anataka akuone ila hataki umuone.

Na hata hiyo ramani, inaonyesha simu iko wapi, haionyeshi mtu yuko wapi. Kuna watu simu kubwa inabaki ofisini kwenye chaji, inatuma lokesheni safi kabisa ya ofisini mpaka saa mbili usiku, mwenyewe katoka zake na kitochi. Kwenye hela ilikuwa hivyo hivyo. M-Pesa ilipoanza Kenya 2007 na Tanzania 2008, ile meseji ya kuthibitisha ilitakiwa imalize uongo wa "nimeshatuma, mtandao tu unasumbua", na kweli iliupunguza. Ila ikazaliwa meseji nyingine ambayo naamini kila anayesoma hapa ameshaipata, "ile hela tuma kwenye namba hii". Ukiifikiria vizuri ni uongo wenye akili sana, maana mwizi hakujui, hajui hata jina lako, anachojua ni kwamba kwenye jamii yetu karibu kila mtu kuna mahali ameahidi kutuma hela na hajatuma. Anavua samaki kwenye bwawa la ahadi zetu wenyewe.

Lakini nisiwaonee wanaotetea ukaguzi, kwa sababu wana hoja nzito na nimeikuta kwenye utafiti. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani, mmoja wao Jeff Hancock, walichukua wanafunzi 28 wa chuo, wakawaambia kwa wiki nzima waandike kila maongezi waliyofanya na kama walidanganya. Simu ya kupiga ndo iliongoza, uongo ulikuwepo kwenye maongezi kama 37 kati ya 100, ana kwa ana 27, na barua pepe ilikuwa ya mwisho kabisa, 14. Ni wanafunzi wachache, wa nchi moja, tusiifanye msahafu. Ila sababu waliyoitoa inaingia akilini, kwamba kinachobaki kimeandikwa kinamuogopesha mwongo, na sauti ikishapita imepita. Yaani kumbukumbu inapunguza uongo. Hilo nalikubali bila kinyongo. Ndo maana nataka risiti, ndo maana nataka mkataba wa pango uandikwe, ndo maana binti akipanda pikipiki saa nne usiku kumtumia mama yake lokesheni ni jambo la busara tupu. Hapo mtu anakagua barabara, hakagui moyo wa mtu.

Tofauti inakuja pale unapochukua dawa ya biashara ukaileta chumbani. Risiti inapunguza uongo kuhusu kile kilichoandikwa kwenye risiti, basi. Lokesheni inapunguza uongo kuhusu mahali simu ilipo, na uongo mwingine wote unabaki na afya yake. Mwanaume ametuma lokesheni yuko Kariakoo na kweli yuko Kariakoo, ila hajasema amekopa, hajasema kazini wamepunguza watu, hajasema hataki kwenda ukweni Desemba. Ramani imenyooka, nyumba imejaa uongo.

Kabla sijaendelea ngoja nitenganishe mambo, maana kuna wengine wakianza kuzungumzia ukweli wanataka kuufagia mpaka utu wetu. Ukipita nyumba ya watu wanakula wanakwambia "karibu chakula". Chakula chenyewe kinawatosha wao tu, sufuria unaliona lilivyo. Wewe njaa inakuuma, unajibu "ahsanteni, ndo kwanza nimetoka kula". Hapo nani amemdanganya nani? Hakuna. Wote wawili wanajua hizo ni heshima zinapishana njiani, na anayeketi kweli kwenye ule mkeka ndo atakuwa kituko cha mtaa. Au salamu. "Habari za nyumbani?" "Nzuri tu, ila mtoto kalazwa." Mgeni akituangalia anadhani tumechanganyikiwa, nzuri vipi na mtoto yuko wodini? Lakini Kiswahili kimejiwekea mlango hapo, hiyo "ila". "Nzuri" ni salamu, habari yenyewe inaanzia kwenye "ila", na mtu mwenye masikio anaisubiri.

Kwa hiyo kipimo changu mimi ni nauli. Ukisema neno, je, kuna mtu atalitolea nauli? Yaani kuna mtu atapanga siku yake, hela yake au usingizi wake kwa kulitegemea hilo neno? "Karibu chakula" hakuna anayelitolea nauli. "Umependeza" nalo likipita mlangoni tu haligharimu mtu, ingawa ukimwambia hivyo mtu anayeenda kwenye usaili wa kazi na shati lina doa mgongoni, tayari umemkosea. Lakini "njoo kesho itakuwa tayari", hilo mtu atapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Huo ndo uongo ninaousemea.

Na hakuna mahali utauona vizuri kama kwa fundi cherehani. Mwaka jana nilipeleka kitenge, sare ya harusi ya mtoto wa dada yangu. Nikapiga simu Jumanne, fundi akaniambia "dada bado kufunga vifungo tu". Jumatano, "napiga pasi". Alhamisi nikaenda mwenyewe, nikamkuta anahangaika huku na huku anatafuta, mpaka akavuta mfuko chini ya meza, na ule mfuko ulikuwa bado na kifundo nilichofunga kwa mkono wangu. Vifungo! Hata kitambaa hakijakunjuliwa.

Nilikasirika kama mtu yeyote, ila baadaye nikakaa nikapiga hesabu zake, na ndo zimenifanya niandike haya. Tuseme fundi anamaliza magauni 3 kwa siku akijituma, na zimebaki siku 7 Idi ifike. Uwezo wake ni 21. Lakini ameshapokea vitambaa 30, kwa sababu kila mtu anakuja na kianzio mkononi na fremu inadaiwa kodi, luku inapiga kelele, uzi umeisha. Hao watu 9 wa ziada wameshauziwa uongo siku ile ile waliyotoa kianzio, ila fundi mwenyewe hajui ni akina nani, ndo maana wote 30 anawaambia Alhamisi. Kianzio chako ndo kimenunua luku ya kushona gauni la aliyekutangulia, na gauni lako litashonwa kwa kianzio cha atakayekuja. "Kesho" ya fundi, ukiiangalia kwa jicho hilo, ni mkopo usio na riba anaokopa kwa wateja wake bila kuwaambia, na akisema kweli tu, "mama mwezi huu nimejaa", mkopo unavuka barabara unaenda kwa fundi wa jirani.

Halafu inakuja sehemu mbaya zaidi. Kati ya wale 30 nani ataingia kwenye 21? Anayepiga kelele. Kwa hiyo wateja wazoefu nao wamejifunza, harusi ni Jumamosi anasema Alhamisi, harusi ya mwezi ujao anasema wiki hii. Fundi naye siyo mtoto, anajua wateja wanataja tarehe za karibu kuliko za kweli, kwa hiyo kila tarehe anayotajiwa anaipunguzia uzito kichwani. Sasa fikiria yule mama mmoja mshamba wa mambo haya aliyesema tarehe ya kweli. Fundi anaipunguza kama za wengine, kelele hapigi, na ndo huyo anaenda harusini na gauni la mwaka juzi. Soko zima limehama, bei za maneno zimepanda, na aliyeumia ni mkweli peke yake. Hapa lokesheni ingesaidia nini? Fundi yupo! Yupo kwenye fremu yake saa zote, ramani ingempa alama 100.

Upande wa hela ni hivyo hivyo. Mtu akikupiga mzinga, jibu letu la kwanza ni "sina". Hata kama unayo. Kwa nini? Kwa sababu "ninayo ila ina kazi yake" kwetu inasikika kama tusi, itapelekwa mpaka kijijini, watasema umebadilika, una roho mbaya, tangu upate kazi mjini umekuwa mtu mwingine. "Sina" haina mjadala, inafunga kesi. Nilijaribu kwa muda kuacha kusema "sina" ya uongo, nikawa nasema kama ilivyo, "ipo, ni ada ya mtoto, siwezi kuigusa". Ndugu mmoja alininunia miezi miwili. Mwingine alishtuka kidogo kwenye simu, akanyamaza, halafu akaniuliza ada ni shilingi ngapi siku hizi, tukaongea nusu saa nzima kuhusu shule, na sikumbuki mara ya mwisho kuongea naye muda huo bila mzinga. Sisemi imenisaidia. Mzani ukilala upande wa yule aliyenuna, sijui kama ningeendelea.

Kazini napo kuna uongo ambao mi naona tunauhukumu kwa haraka, ule wa misiba. Kila ofisi ina utani wa jamaa aliyemzika bibi yake mara tatu. Lakini soma sheria yetu ya Tanzania ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004 inavyosema: mfanyakazi ana haki ya siku 4 za likizo yenye malipo akiuguliwa au kufiwa na mtoto, au akifiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Shangazi hayumo. Mjomba hayumo. Sasa mama yako mkubwa, dada wa mama, aliyekulea tangu darasa la kwanza, amefariki. Kwa Kiswahili chako huyo ni mama, umemwita mama maisha yako yote, kaburini utalia kama wa mama. Ukimwambia afisa utumishi "nimefiwa na mama", kwenye fomu umedanganya na nyumbani umesema kweli. Mtoto wa baba mdogo ni kaka, fomu inasema siyo. Sheria imechora mpaka wa ukoo mahali ambapo lugha yetu haijawahi kuuchora, halafu tunashangaa watu wanauruka. Mwenye bosi muelewa anasema tu "ni mama mkubwa, naomba siku mbili", anapewa, anakwenda. Mwenye bosi mkali anaua mama. Tabia ya mtu ni ile ile, kilichotofautiana ni bei.

Najua kuna mtu hapa ameshaanza kusema natetea waongo. Ngoja nifike kwenye hoja dhaifu kuliko zote, na ndo inayosemwa zaidi: "aah, kila mtu anadanganya bana, tusijifanye malaika". Siyo kweli, na kuna namba. Mwaka 1996 Bella DePaulo na wenzake huko Marekani waliripoti utafiti wa kuandika shajara kama ule niliousema, wanafunzi wa chuo wakatoka na wastani wa uongo kama mara 2 kwa siku, watu wa mtaani kama mara 1. Dunia nzima ikashika hapo, eti binadamu wote wanadanganya kila siku. Lakini wastani ni kitu cha kuangaliwa kwa makini, mi nikila kuku wawili na wewe usile, kwa wastani kila mtu kala kuku. Mwaka 2010 Kim Serota na wenzake waliwauliza Wamarekani 1,000 kuhusu saa 24 zilizopita, na kama 60 kati ya kila 100 walisema hawakudanganya hata mara moja, wakati karibu nusu ya uongo wote ulitoka kwa watu 5 katika kila 100. Unaweza kusema hao 60 ndo walidanganya kuhusu kutodanganya, sawa, nimeicheka hiyo na mimi. Ila hata ukiwapunguza, picha inabaki kwamba uongo haujagawanywa sawa kama mvua, kuna mashamba unanyesha sana na mengine hayapati tone. Mtu anayesema "kila mtu" mara nyingi anatafuta umati wa kujificha ndani yake.

Na ukichukua namba hizo ukazirudisha kwenye hoja yangu inabidi nijibane mwenyewe pia. Kama uongo ungekuwa ni bei tu, basi watu wanaokaa kwenye bei moja wangedanganya sawa, na hawafanyi hivyo. Mtaa mmoja, kodi moja, kuna fundi anaandika tarehe kwenye daftari na kuna wa vifungo. Kwa hiyo tabia ipo, siikatai, msema kweli ni mpenzi wa Mungu na wapo wanaoulipia ukweli bei yoyote. Ninachosema ni kwamba huwezi kujenga mtaa mzima kwa kutegemea watu wa aina hiyo.

Kuna wenye msimamo mkali kwamba uongo ni uongo, hakuna mdogo. Mwanafalsafa wa Kijerumani, Immanuel Kant, mwaka 1797 alifika mpaka kusema hata muuaji akibisha hodi akuulize rafiki yako yuko wapi, hupaswi kumdanganya. Mi muuaji huyo ningemdanganya, ila Kant simkebehi, hoja yake ni kwamba ukishaanza kuruhusu uongo wa huruma, neno lenyewe linaisha nguvu, na fundi wangu ni ushahidi wake. Kwa upande wa pili dini yenyewe imeacha upenyo, kuna hadithi ya Mtume kupitia Ummu Kulthum kwamba si mwongo yule anayepatanisha watu akafikisha neno la kheri. Upenyo mwembamba, wa kupatanisha, lakini sisi tumeupanua tukapitisha lori. Mfano mzuri ni "inshallah". Suratul Kahf, aya ya 23 na 24, inakataza kusema juu ya jambo lolote "nitalifanya kesho" bila kuongeza Mungu akipenda. Yaani aya imekuja mahsusi kuitia adabu "kesho"! Sasa angalia tunavyolitumia. "Utakuja kwenye kikao?" "Inshallah." Mjini hapa kila mtu anajua maana yake haji. Neno la unyenyekevu limegeuzwa njia ya kusema hapana bila kuilipia.

Sasa tufanye nini, maana uchambuzi bila hili ni porojo. Kwenye biashara, badala ya kumuuliza fundi "lini?", swali ambalo lina jibu moja tu linalokuacha na furaha, muulize "viko vingapi mbele yangu?" Kuhesabu vitambaa vilivyo chini ya meza ni kazi tofauti na kubuni siku, na ukitaka umwambie avihesabu ukiwepo. Bosi anayechoka na misiba ya uongo atoe siku mbili za mwaka ambazo haziulizwi sababu, aone mabibi wangapi watafufuka. Nyumbani, kabla hujasema "tuma lokesheni", jiulize mara ya mwisho mwenzako alipokwambia kitu usichotaka kusikia ulifanya nini. Kama alisema "niko na marafiki nachelewa" akakuta mlango umekomewa na chakula hakuna, basi wiki iliyofuata aliposema "nipo foleni Ubungo" ulikuwa umemfundisha wewe. Na anayetuma lokesheni kila siku kwa kulazimishwa, siku akifika nyumbani kwa wakati hutajua kamwe kama alirudi kwa kukupenda au kwa kuogopa kile kidoti cha bluu. Hapo ndo naona hasara kubwa kuliko zote, ukaguzi unakula ushahidi wa uaminifu, mtu mwaminifu na mtu anayeogopa wanafanana kabisa kwenye ramani.

Kabla ya Idi iliyopita nilirudi kwa yule yule fundi wa vifungo, maana mkono wake wa kukata ni mzuri, hilo lazima niseme. Safari hii sikumuuliza lini. Nilimwambia "fundi, viko vingapi mbele yangu?" Akaniangalia kama nimemuuliza ana umri gani. Halafu akainama, akaanza kuvuta mifuko chini ya meza mmoja mmoja anahesabu kwa sauti, akafika 22, akajifuta jasho, akasema "dada, kwa ukweli Idi hii hupati". Nikamshukuru, nikachukua kitambaa changu, nikavuka barabara. Fundi wa upande wa pili hata hakukunjua kitambaa, akasema "njoo Alhamisi", nikatoa kianzio.